"Saa nane usiku tuje na nyungo?" Jinsi ninavyojaza viti 96 vya sinema ya mtaani

Mwanzoni mwa mwaka kijana mmoja wa Muheza alinijia na daftari mkononi. Amepata chumba kilichokuwa duka la vifaa vya ujenzi, ana projekta ya mtumba, ana viti 60 vya plastiki ambavyo siku za kawaida huvikodisha kwenye maharusi, na anataka kufungua sinema. Swali lake lilikuwa moja: "Dada, nitangaze wapi?" Nikamwambia akae kwanza, maana swali lenyewe kalishika mkiani. Tulizungumza mpaka adhuhuri. Haya ndiyo niliyomwambia, na mengine nimeyakumbuka alipokwisha panda daladala.

Mie ukumbi wangu uko Ngamiani, hapa Tanga. Ulianza kama kibanda umiza cha kaka yangu: mabenchi ya mbao, televisheni ya kichogo, pazia la gunia mlangoni na filamu za kivita zilizotafsiriwa. Kaka alipohamia Dar mwaka 2014 aliniachia funguo pamoja na bili. Wateja wake wote walikuwa wanaume. Leo nina projekta, kitambaa cheupe cha mita nne, feni sita, viti 96, na wanawake ni zaidi ya nusu ya wateja wangu. Sikufika hapa kwa kutangaza sana. Miaka miwili ya mwanzo ndiyo niliyotangaza sana, na ndiyo niliyokula hasara.

Filamu wanayo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutangaza filamu. Mtu wa Ngamiani filamu anayo kwenye simu kabla wewe hujaijua jina. Asipokuwa nayo, atapita kwa kijana wa flashi pale kona, ataondoka nazo kumi. Sasa ukimpigia kelele kwamba una filamu mpya, umemwambia nini?

Anachokosa nyumbani ni kingine. Nyumbani kuna joto, kuna mtoto analia, kuna mama mkwe anayetaka taarifa ya habari, na kuna kuangalia peke yako. Kicheko cha mtu mmoja chumbani hakina tofauti na kikohozi. Mtu anakuja kwangu acheke na watu 80, apige kelele "mgeukie nyuma yako!" pamoja na asiowajua, kisha arudi nyumbani akisimulia. Unachouza ni saa mbili za kukaa na watu. Kwa hiyo kabla hujafikiria bango, tafuta ni nani mtaani kwako ana saa mbili, na ni saa mbili zipi.

Nilinunua kaunta buku nikakaa barazani wiki nzima nikiandika nani anapita na saa ngapi. Watu walidhani nimetumwa na halmashauri kuhesabu kodi. Nilichokiona ni hiki: wanaume wa kazi za bandarini na gereji wanakuwa huru baada ya isha. Akina mama wa sokoni wanafunga mapema kuliko nilivyodhani. Wanafunzi wanajaa barabarani Jumamosi asubuhi hawana pa kwenda. Na kuanzia saa 11 jioni Jumamosi hakuna mwanaume atakayenisikiliza, kwa kuwa kuna mpira wa Uingereza.

Hilo la mpira linahitaji maneno zaidi kwa sababu limewaumiza wengi. Usishindane na mpira. Upange. Mechi zile za Jumamosi zinazoanza saa 9 mchana kwa saa za kule, kwetu ni saa 11 jioni. Lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza wanarudisha saa zao nyuma, na mechi hizo hizo kwetu zinakuwa saa 12 jioni mpaka mwisho wa Machi. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hilo. Nilikuwa na onyesho la saa 1 na nusu usiku likijaa vizuri, ghafla Novemba likakauka. Nikasema nimerogwa. Kumbe watu walikuwa bado wanaangalia kipindi cha pili! Sasa kuanzia Novemba nasogeza onyesho hadi saa 2 na nusu, na kwenye ubao naandika: "Tunawasubiri mmalize mpira."

Siku ya Simba na Yanga sihangaiki kabisa. Naanza baada ya mechi, na aliyevaa jezi ya timu iliyofungwa anaingia kwa nusu bei. Wanakuja wamenuna, wenzao wanawacheka mlangoni, ukumbi unachangamka kabla hata sijawasha projekta. Siku hiyo si ya kulipa tangazo lolote, kwa sababu mtaa mzima unangoja kuona nani atathubutu kuja na jezi. Na Coastal Union wakicheza Mkwakwani, nawatuma vijana wawili wasimame nje ya geti watu wanapotoka, na karatasi ndogo mkononi. Mtu aliyetoka uwanjani saa 12 jioni yuko barabarani tayari. Ukimpata kabla hajafika kwake umempata.

Jumapili ya akina mama

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ukumbi wangu ulipopona.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Unguja. Alikuwa akituhadithia habari za zanana, maonyesho ya wanawake peke yao kwenye majumba ya sinema ya mjini. Wanajipamba, wananukia udi, wanavaa buibui jipya, wanaingia kwa makundi wakijua nyimbo za Kihindi kuliko Wahindi wenyewe. Majestic ya Unguja iliungua mwaka 1954 na mwaka uliofuata ikasimama tena. Unafikiri mtu angeharakisha kujenga hivyo kama watu hawajai? Mie niliyasikia hayo toka utotoni, na bado ilinichukua miaka miwili kufahamu kwamba nusu ya mtaa wangu hawajawahi kukanyaga ukumbi wangu, na hakuna aliyewakaribisha.

Nilianza kwa kumuuliza jirani yangu, mama wa makamo anayeuza vitenge: "Mbona huji?" Akanitajia mambo manne bila kufikiri. Choo. Giza la pale uchochoroni. Wanaume wanaovuta sigara mlangoni. Na magharibi, kwamba hawezi kuwa nje magharibi ikiingia, ana nyumba. Hakutaja filamu wala bei. Angalia hapo: vitatu kati ya hivyo si matangazo, ni fundi bomba, taa, na kumwambia mtu asogee. Nilipiga chokaa chooni nikaweka kitasa cha ndani, nikatundika taa mbili uchochoroni, na wavuta sigara nikawapa benchi lao upande wa pili wa barabara.

Cha nne ndicho kilichohitaji akili. Alasiri hapa kwetu inaswaliwa kama saa 10 kasorobo, magharibi kama saa 12 na nusu. Katikati hapo una saa tatu kasorobo. Toa dakika za kutembea kuja na kurudi, toa salamu, maana wanawake 60 hawakai chini bila kusalimiana. Zinabaki dakika 100. Basi filamu yangu ya Jumapili inaanza saa 10 na robo na haizidi dakika 100. Nikiipenda vipi, ikiwa ndefu siionyeshi siku hiyo. Ya Kihindi ya saa tatu naikata Jumapili mbili, na nimegundua kwamba kuikata ndiyo tangazo bora la Jumapili ya pili. Wiki nzima wanabishana sokoni kama yule dada ataolewa au hataolewa.

Tiketi zake siuzi mlangoni. Nauza kwa vikundi. Kila mtaa una kikoba au mchezo wa kupeana pesa, na kila kikundi kina mweka hazina ambaye neno lake ni sheria. Nilikwenda kwa mmoja wa Barabara ya 12 nikamwambia: leta kumi, wewe wa kumi na moja huingii kwa pesa, na kikao chenu mkifanyie kwangu saa moja kabla, bure, feni nawasha. Kwa shilingi 2,000 kila mmoja anapata kiti, kahawa na kashata mbili. Mwezi wa pili nilikuwa na vikundi vinne. Mwezi wa tatu nikaanza kukataa watu, jambo ambalo nalo, nikwambie ukweli, ni tangazo. Asiyepata kiti Jumapili hii anakuja Jumapili ijayo saa 9, amekasirika, na amekuja na dada yake.

Mlangoni siku hiyo anakaa binti, siyo mwanaume. Usilidharau hilo.

Ubao

Nje ya ukumbi nina ubao mweusi wa futi nne kwa sita na chaki za rangi. Nimejaribu mabango ya kuchapwa yenye picha za waigizaji, yanapendeza, jua la Tanga linayapausha ndani ya wiki tatu na hakuna anayeyasoma tena baada ya siku ya pili. Ubao unabadilika kila siku, na mtu akishajua unabadilika atageuza shingo kila akipita.

Siri yake ni kutokuandika jina la filamu juu. Jina, hasa la Kiingereza, halimwambii mpita njia kitu. Andika kilichomo ndani, kwa maneno ambayo mtu angeyasema barazani. Hivi ndivyo nilivyoandika wiki iliyopita:

LEO SAA 2 NA NUSU USIKU
Mama mkwe amekuja "kusalimia".
Amekuja na mabegi 6.
Kiti 1,500. Feni zipo.

Watu walisimama. Mwendesha bodaboda mmoja alisoma kwa sauti, abiria wake akacheka, nao wakapita. Usiku niliwaona wote wawili, kila mmoja na mke wake. Maneno kumi na tano yanatosha. Ukizidisha hapo mtu aliye juu ya baiskeli hayamalizi.

Ukiwa na filamu iliyotafsiriwa, jina la mtafsiri liandike kubwa kuliko la mwigizaji. Waliokulia kwenye vibanda wanajua: watu walikuwa wanakuja kumsikia Lufufu, na Wakenya hivyo hivyo kwa DJ Afro, yule mwigizaji wa Kimarekani alikuwa msindikizaji tu. Mie nina kijana wangu anayetia maneno papo hapo siku za Ijumaa kwa kipaza sauti. Anawaita wahusika kwa majina ya mitaa yetu, jambazi mkuu kampa nyumba Chumbageni, polisi anatokea Mikanjuni. Filamu hiyo hiyo ipo kwenye simu ya kila mtu, lakini hiyo yenye jambazi wa Chumbageni ipo kwangu peke yake.

Saa, saa, saa

Sasa ile ya nyungo. Mwaka wangu wa pili niliagiza vipeperushi 200 kwa kijana mmoja wa kuchapa, nikamtumia maelezo kwa simu. Kwa haraka zangu nikaandika saa kwa kizungu, 8:00, nikaongeza "usiku". Naye hakuuliza. Vikatoka vimenawiri, rangi nyekundu na njano, vimeandikwa SAA 8:00 USIKU. Tayari nilikuwa nimeshavigawa soko la Mgandini na stendi. Simu ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja wa mtaani, kwa heshima zote: "Bibie, saa nane usiku tuje na nyungo, au nyungo mnazo huko huko?" Kwa wiki mbili nilikuwa mchawi wa Ngamiani. Watoto walikuwa wananipungia kwa ungo wa kuchezea.

Lakini usiku ule ulijaa. Watu walikuja kunicheka, wakalipa. Hata hivyo wewe usilitegemee hilo. Andika saa kwa Kiswahili, kwa maneno, na uweke kitu ambacho hakibishaniki: "saa mbili na nusu usiku, baada ya isha". Kabla hujalipa mchapaji, mpe mtu mwingine asome kwa sauti. Mtu aliyetunga tangazo hawezi kuona kosa lake.

Sauti ya barabarani

Bajaji yenye spika ninayo ninayoikodi, 20,000 kwa mchana mmoja. Hesabu yake ni nyepesi na uifanye kila mara: kiti ni 1,500, kwa hiyo bajaji isiponiletea watu 14 ambao wasingekuja, imenila. Siku za kawaida hainiletei hao 14. Kwa hiyo naitumia mara chache: sikukuu, filamu ambayo mwigizaji wake anakuja mwenyewe, na onyesho la kwanza baada ya Ramadhani.

Kuna adabu zake. Vibali vya kupita na spika ulizia halmashauri mapema. Adhana ikianza, zima. Ukiona turubai limefungwa na watu wamekaa kimya, ni msiba. Zima kabisa, teremka, toa pole, ndipo uendelee mtaa wa pili. Dereva wangu wa kwanza alipita msibani akipiga singeli. Mwezi mzima mtaa ule hakuja mtu hata mmoja, na nilikwenda mwenyewe na mchele kilo kumi kuomba radhi. Tangazo baya haliishii kwenye kukosa wateja wapya, linafukuza na wale uliokuwa nao.

Maneno yawe machache na yarudiwe. Mtu barazani anayasikia kwa sekunde ishirini tu bajaji ikipita. Sauti ya mtoto mdogo inasikilizwa kuliko ya mtangazaji mwenye besi. Tulimrekodi mpwa wangu: "Mama, nipeleke sinema, nimemaliza kuosha vyombo!" Basi. Halafu mahali, siku, saa.

Sikukuu

Ramadhani mchana nafunga ukumbi, nafanya ukarabati. Usiku baada ya tarawehe naonyesha siku mbili tatu kwa wiki, vichekesho vya heshima, watu wachache, na sitangazi kwa sauti. Faida yangu naiweka Idi. Watoto wanatembea na pesa zao za sikukuu mkononi, nguo mpya, na wanataka kuzitumia kabla mama hajasema "nikuwekee". Idi mosi, Idi pili na Idi tatu nina maonyesho matatu ya watoto kwa siku kuanzia saa 4 asubuhi, shilingi 500, filamu fupi za katuni. Vijana wanne wanasimamia mlango, na hakuna mtoto anayetoka peke yake mpaka mtu wake afike. Ukimpoteza mtoto mmoja kwa dakika kumi, sahau sinema.

Tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume, kazi hazipo, na ndiyo siku aliyofariki Steven Kanumba mwaka 2012. Nikaona hapo pana usiku wa kumbukumbu. Nazungumza na wenye haki ya filamu, naonyesha moja, kisha nawasha taa na anayetaka anasimama kusimulia alikuwa wapi siku ile aliposikia. Wanaume wazima wanalia. Mwaka 2022, 2023 na 2024 tarehe hiyo iliangukia ndani ya Ramadhani, tukaisogeza mpaka baada ya Idi na haikupungua kitu. Kila mji una siku yake ya namna hii, uliza wazee.

Na darasa la saba wakimaliza mtihani wao Septemba, mwalimu mkuu akikubali, wape saa ya asubuhi kwa bei ya jumla. Watoto hao wako huru kwa miezi na hawana pa kwenda.

Vitu vidogo vya kila wiki

WhatsApp naitumia Alhamisi tu. Anayenipa namba yake mlangoni kwa hiari namwandika, na namtumia ujumbe mmoja kwa wiki, siyo zaidi. Kwenye stetasi naweka kipande kifupi kinachokatika pabaya, mlango unafunguka na hatuoni nani kaingia. Kwenye magrupu ya watu siingizi matangazo, watakuchoka na admini atakutoa.

Vinyozi na saluni zina televisheni inayowaka kutwa nzima na watu waliokaa hawana la kufanya. Nawapelekea trela kwenye flashi na tiketi mbili za bure kwa wiki. Waendesha bodaboda wa kijiwe cha jirani hawalipi Jumanne, na kwa malipo yake kila abiria anayesema "leo nimechoka nyumbani" anaambiwa kwangu kuna nini.

Bei usiishushe ovyo. Mwezi mmoja nilishusha mpaka 700 ili nishindane na kibanda cha mtaa wa pili. Watu hawakuongezeka, ila walioizoea 1,500 waliniuliza kuna nini, filamu zimeoza? Badala ya kushusha, gawa kile kisichokugharimu. Nina kadi ya karatasi yenye miraba mitano. Ukilipa mara tano napiga mihuri mitano, ya sita ni bure, lakini Jumanne au Jumatano peke yake. Viti hivyo siku hizo viko tupu hata hivyo, na mwenye kiti cha bure haji peke yake, na bisi hanunui kwa kadi.

Watengenezaji wa filamu wadogo wa hapa hapa nchini usiwaogope. Wana kazi nzuri na hawana pa kuionyesha. Mie nagawana nao nusu kwa nusu mapato ya mlangoni, na daftari wanaliona. Huyo mtengenezaji atakuletea shangazi zake, waigizaji wake, majirani wa waigizaji wake, kila mmoja kuja kujiona kwenye kitambaa. Hakuna bajaji inayoweza hilo. Na ni halali: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 na ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 si za kupamba ukuta. Anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako ujue vibali, angalia filamu imepangiwa umri gani na uuandike mlangoni. Ukumbi uliowahi kufungwa kwa msako unachukua muda mrefu kuaminika tena.

Umeme unapokatika

Ulikatika dakika ishirini kabla ya mwisho, ukumbi umejaa, jenereta sina. Wengine wangesema "poleni, ni nje ya uwezo wetu". Nilisimama juu ya kiti na tochi ya simu nikasema kila mtu apite mlangoni, atachagua: pesa yake, au kipande cha karatasi chenye sahihi yangu cha kuingilia kesho. Nilirudisha 40,000 na kitu usiku ule, niliumia, sikulala. Kesho yake waliochukua karatasi walikuja, na wengi wa waliochukua pesa nao walikuja wakalipa tena, wakaleta na watu, kwa sababu habari iliyotembea sokoni haikuwa umeme. Ilikuwa "yule dada karudisha hela". Pesa ya jenereta niliipata ndani ya miezi minne. Kijana wa Muheza nilimwambia anunue jenereta kabla ya bango. Sijui kama alinisikia, alikuwa anaandika.

Hesabu mlangoni

Binti wangu wa tiketi anamuuliza kila mtu mgeni neno moja: "Umetusikia wapi?" Anapiga kijistari kwenye daftari. Safu ni sita: ubao, bajaji, simu, saluni, nimeletwa na mtu, nyingine. Mwisho wa wiki tunajumlisha. Inachukua dakika tano na inakuokolea maelfu, maana usipohesabu utaendelea kulipia kile unachokipenda wewe. Mie nilikuwa naipenda bajaji.

Safu ya "nimeletwa na mtu" huwa ndefu kuliko zote, hilo nililitarajia. Lililonishangaza ni "nyingine". Ilikuwa inakua kila wiki, nikamwambia binti aandike maneno yenyewe. Akaniletea: "harufu". "Harufu." "Nilikuwa napita, harufu." Mama anayekaanga bisi nilikuwa nimemweka ndani, kando ya choo, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Nikamtoa siku ile ile na jiko lake la mkaa, nikamweka dirishani upande wa barabara. Akaanza kukaanga nusu saa kabla ya onyesho badala ya wakati wa mapumziko.

Mwezi wa kwanza wa kusi mambo yalikwenda vizuri, harufu ilikuwa inakwenda moja kwa moja mpaka kwenye kijiwe cha bajaji. Kaskazi ilipoingia ikageuka yote ikaelekea uani kwa jirani, ambaye alikuja kulalamika kwamba watoto wake hawalali. Sasa jiko lina magurudumu. Kusi ikishika linakaa dirishani, kaskazi ikishika linahamia mlango wa kaskazini, na jirani anapelekewa pakiti mbili kila Ijumaa.